Wafuasi Wapo, Kamisheni Haipo: Mwongozo wa Kuuza kwa Kamisheni Kupitia Mitandao ya Kijamii na Barua Pepe

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Nina wafuasi elfu nane Instagram, linki nimeweka, mbona hanunui mtu?" "Barua pepe nani anasoma siku hizi?" "Hela yenyewe inaingiaje kwenye simu yangu?" Nayajibu yote hapa kwa mpangilio, ili nikiulizwa tena niwe na kitu cha kutuma.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza: unapendekeza bidhaa ya mtu mwingine kwa linki au kodi (neno au namba ambayo mnunuzi huiandika anapolipa, si kodi ya serikali) yenye jina lako, mteja akinunua unapata sehemu ya bei. Dalali yeyote wa nyumba pale Sinza ataielewa kabla hujamaliza sentensi. Ugumu uko kwenye kuaminiwa na mtu ambaye hajawahi kukuona, na hapo ndipo wengi wanakosea: wanatupa linki kwa watu waliokuja kucheka na video. Msimamo wangu ni kwamba mtandao wa kijamii ni wa kukutana na watu, na orodha ya barua pepe ndiyo ya kuuzia. Ukizichanganya kazi hizi mbili, zote zinaharibika.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni ukurasa wa ufugaji wa kuku. Wafugaji wana shida za kweli, wana vitu vya kununua, na shida zao zina tarehe. Hilo la tarehe litatusaidia sana huko mbele. Wewe badilisha mada uweke yako.

KABLA HUJAANZA, UWE NA HIVI

- Mada moja unayoijua vya kutosha kujibu maswali bila kukimbilia Google kila mara.
- Ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii ulio hai. Mmoja unatosha. Ukianza na minne utaitelekeza mitatu.
- Njia ya kupokea fedha uliyokwisha kuithibitisha (soma hatua ya 1).
- Domeini yako mwenyewe, yaani jina la mtandaoni unalolinunua, iwe .co.tz, .co.ke au .com, pamoja na anwani ya barua pepe ya domeini hiyo.
- Akaunti ya huduma ya kutuma barua pepe kwa wengi: MailerLite, Brevo na Kit zote zina mpango wa bure wa kuanzia. Ule wa Brevo una kikomo cha barua 300 kwa siku.
- Sanduku la posta. Usicheke. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua za matangazo inataka anwani ya posta iwepo chini ya kila barua, na huduma hizi zinaifuata hata ukiwa Kahama. S.L.P. inakubalika, na inakuepusha kuanika anwani ya nyumbani kwako.
- Daftari au lahajedwali la kuandikia namba.

HATUA KWA HATUA

1. Anza na mwisho: hela itakufikiaje?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu nimeona watu wakiuza miezi kadhaa halafu kamisheni inabaki imekwama kwenye skrini.

Fungua ukurasa wa malipo wa programu (mpango wa kamisheni wa muuzaji) unayoitaka kabla hujajiunga, uulize mambo matatu: wanalipa kwa njia gani, kiwango cha chini cha kutoa ni kiasi gani, na nchi yako imo kwenye orodha? PayPal ndiyo inayowachanganya wengi. Mkenya anaweza kupokea kwenye PayPal na kuhamishia M-Pesa tangu mwaka 2018. Mtanzania kwa miaka mingi ameweza kulipa kwa PayPal lakini si kupokea, kwa hiyo programu inayolipa kwa PayPal tu imemfungia mlango hata kama kamisheni yake ni nono. Usidanganyike kufungua akaunti ya PayPal kwa kutaja nchi ambayo huishi. Siku watakapokuomba kitambulisho, salio litazuiwa na hutakuwa na pa kulalamikia.

Zinazobaki ni programu zinazolipa kwa Payoneer (huduma ya kupokea fedha kutoka nje) au moja kwa moja benki, masoko ya bidhaa za kidijitali ya Afrika kama Selar, lililoanzia Nigeria na linalouza pia kwa shilingi za Tanzania na za Kenya, na makubaliano ya ana kwa ana na muuzaji wa hapa hapa. Hii ya mwisho inadharauliwa bure. Muuzaji wa mashine za kutotolesha vifaranga aliye Dar anaweza kukupa kodi ya punguzo yenye jina lako, akakulipa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Andikeni makubaliano hata kama ni ukurasa mmoja: asilimia ngapi, inalipwa lini, na mteja akirudisha mzigo itakuwaje.

Angalizo: maelekezo mengi ya zamani mtandaoni yanamwambia Mtanzania ajiunge na Jumia. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kenya bado ipo.

2. Chagua bidhaa mbili au tatu tu

Kigezo changu cha kwanza: je, ningempendekezea shangazi yangu bila kulipwa? Kama hapana, acha. Cha pili ni hesabu. Kozi ya video ya Sh 30,000 yenye kamisheni ya asilimia 30 inakupa Sh 9,000 kwa kila mauzo. Kitabu cha kidijitali cha Sh 5,000 kwa asilimia hiyo hiyo kinakupa Sh 1,500, na jasho la kumshawishi mnunuzi linakaribia kuwa lile lile.

Cha tatu ni muda ambao mfumo unakumbuka kwamba mteja ametoka kwako. Amazon, kwa mfano, inakuhesabia saa 24 tangu mtu abonyeze. Akirudi kununua keshokutwa kwa njia yake, hupati kitu. Kuna programu zinazokumbuka siku 30 au zaidi. Kwa wanunuzi wetu wanaosubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, tofauti hiyo ndiyo kamisheni yenyewe.

Onyo kubwa: programu ya kweli haikutozi kiingilio, na inakulipa bidhaa ikiuzwa. Ukiambiwa ulipie "pakeji" kwanza kisha utalipwa kwa kuingiza watu wengine walipe pakeji, huo ni upatu uliovaa suti. Waliopitia DECI, upatu uliowaliza Watanzania wengi, hawahitaji kuelezwa zaidi.

3. Soma masharti, hasa kuhusu barua pepe

Ndiyo, ni marefu. Tafuta ndani yake neno linalohusu barua pepe na neno linalohusu matangazo ya kulipia. Amazon kwa miaka mingi ilikataza linki zake kuwekwa ndani ya barua pepe, na watu walifungiwa akaunti wakiwa na kamisheni ambayo haijalipwa. Hiyo hiyo Amazon huifunga akaunti mpya isiyoleta angalau mauzo 3 ndani ya siku 180. Pale linki zisiporuhusiwa kwenye barua, barua yako impeleke msomaji kwenye makala yako, na linki ikae ndani ya makala.

4. Tengeneza kitu cha kumfanya mtu akupe anwani yake

Hakuna anayejiandikisha ili "apate habari zetu". Anajiandikisha kwa sababu kuna kitu anakihitaji leo jioni. Kwa mfugaji, kitu hicho ni ratiba ya chanjo ya ukurasa mmoja anayoweza kuichapisha na kuibandika ukutani bandani: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, ndui baadaye. Ratiba hutofautiana na aina ya kuku na eneo, kwa hiyo mwombe afisa mifugo aipitie kabla hujaitoa, na uandike hivyo chini yake.

Ukurasa mmoja unashinda kitabu cha kurasa 60. Kitabu kinapakuliwa na kusahaulika. Kilichobandikwa ukutani kinatazamwa kila siku, na jina lako liko chini.

5. Ukurasa wa kujiandikishia

Huduma ya barua pepe uliyochagua inakupa uwezo wa kuutengeneza bila tovuti. Weka kichwa cha habari kinachotaja zawadi, picha ya zawadi yenyewe, nafasi ya jina la kwanza, nafasi ya barua pepe, na kitufe. Basi. Ukiomba namba ya simu, mkoa na umri, watu watatoka.

Washa uthibitisho wa hatua mbili, ule ambao mtu anatumiwa barua ya kubonyeza "nathibitisha". Utapoteza wachache, lakini utaepuka anwani zilizokosewa, na utakuwa na ushahidi wa ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Anwani ya mtu ni taarifa binafsi. Kununua orodha ya "barua pepe 10,000 za Watanzania" ni kujitafutia kesi, na hata usiposhtakiwa, barua zako zitaishia kwenye spamu, folda ya barua taka.

6. Thibitisha domeini yako

Hatua hii inachosha, lakini inafanywa mara moja. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanambana anayetuma barua kwa wingi: anayefikisha 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na rekodi tatu za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwake kweli, zinazoitwa SPF, DKIM na DMARC, awe na kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya spamu yabaki chini ya asilimia 0.3. Wewe wa barua 200 ziweke pia. Huduma yako itakupa mistari ya kunakili. Unaibandika kwenye mipangilio ya domeini, inayoitwa DNS, pale uliponunua domeini. Ukishindwa, mtumie fundi wa kampuni uliyonunua kwao picha ya skrini, ni kazi ya dakika chache kwake.

Usitumie anwani yako ya @gmail.com kama mtumaji wa matangazo kupitia huduma hizi. Gmail inajua kwamba barua haikutoka kwake.

7. Andika mfululizo wa barua unaofuata maisha ya msomaji

Sasa zile tarehe nilizozitaja. Wengi wanaandika mfululizo kwa ratiba yao wenyewe: siku ya kwanza karibu, ya pili hadithi yangu, ya tatu nunua. Mfugaji hana habari na ratiba yako. Ana vifaranga wenye umri fulani, na barua inayolingana na umri huo ataifungua hata akiwa msibani.

Barua ya kwanza, inayotoka papo hapo, impe ratiba aliyoahidiwa na swali moja: vifaranga wameshafika? Chini weka linki, "Wamefika leo, anza kunihesabia". Huduma nyingi huruhusu mfululizo uanze mtu anapobonyeza linki fulani. Kuanzia hapo:

- Siku ya 1: joto la bruda, yaani sehemu ya kuwapa vifaranga joto. Nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unashusha kidogo kila wiki. Wakijikusanya chini ya taa wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni wamezidiwa joto. Usiuze chochote.
- Siku ya 6: kesho ni chanjo ya kideri. Mkumbushe kwamba maji ya bomba yenye klorini huiua chanjo ya kuchanganya na maji, na kwamba vifaranga wanyimwe maji kwa muda kabla ili wainywe yote haraka. Usiuze.
- Siku ya 10: makosa ya chakula yanayokula faida. Hapa taja kozi unayoiuza kwa mara ya kwanza, kwa sentensi mbili: nani anaifundisha, na ndani yake kuna nini ambacho barua hii haiwezi kukibeba.
- Siku ya 13: kesho ni gumboro. Barua fupi.
- Siku ya 17: barua ya kuuza. Kozi peke yake, uzuri wake na upungufu wake. Ukisema "somo la masoko ni dhaifu, lakini la magonjwa peke yake linarudisha hela", watakuamini kuliko ukisifia kila kitu.
- Siku ya 20 na ya 27: vikumbusho vya chanjo. Kile cha siku ya 27 kiwe na swali: unafikiria kutotolesha mwenyewe? Anayejibu ndiyo ndiye wa kutumiwa barua ya mashine.

Kila barua iwe na jambo moja. Iandike kana kwamba unamwandikia mtu mmoja, "Habari za asubuhi, Asha", si "Wapendwa wateja wetu". Usijaze picha: wasomaji wanatumia bando la kununua, na Gmail hukata barua inayozidi takriban KB 102, ikaficha hata linki ya kujiondoa.

Na mahali penye linki ya kamisheni, sema: "Ukinunua kupitia linki hii nalipwa kamisheni, bei yako haiongezeki." Sehemu ya mwisho uiandike tu kama ni kweli. Programu nyingi za nje zinalazimisha tamko hili, na nijuavyo halifukuzi mnunuzi makini.

8. Sasa mitandao ya kijamii ifanye kazi yake

Kazi yake ni moja: kuwaleta watu kwenye ukurasa wa hatua ya 5. Kwa muda, usiweke linki za bidhaa kabisa.

Instagram: linki iliyoandikwa chini ya picha haibonyezeki, kwa hiyo acha kuibandika huko. Itumie ile ya kwenye wasifu, na stika ya linki kwenye stori. Video fupi ionyeshe shida moja (vifaranga wamelundikana chini ya taa, kwa nini?), itoe jibu kamili, kisha iseme "ratiba ya chanjo ipo kwenye linki ya wasifu wangu". Jibu likiwa nusu nusu ili watu walazimike kubonyeza, watakuchoka.

TikTok: akaunti ya kawaida kwa kawaida haipewi nafasi ya linki mpaka ifikishe wafuasi 1,000. Kabla ya hapo waelekeze watafute jina lako Instagram.

Facebook: makundi ya wafugaji yana watu wengi kuliko ukurasa wako utakavyowahi kuwa nao. Kaa humo kama mtaalamu anayejibu maswali. Ukiingia na linki siku ya kwanza, msimamizi anakuondoa, na ana haki.

9. WhatsApp na Telegram: daraja, si nyumba

Ni kweli, wapo wengi wasiofungua barua pepe kwa wiki nzima. Kwa hao tumia chaneli ya WhatsApp au ya Telegram: "Leo nimetuma barua ya chakula cha vifaranga, itafute kwenye sanduku lako." Orodha ya matangazo ya WhatsApp inaishia watu 256, na haimfikii ambaye hajahifadhi namba yako. Kundi linaanika namba za watu wote kwa matapeli, kwa hiyo chaneli ni bora. Lakini usiihamishie biashara yote huko. Akaunti ikifungwa, imefungwa na watu wako ndani. Orodha ya barua pepe unaipakua kama faili na kuhama nayo. Fanya hivyo kila mwezi, na ulihifadhi mahali salama.

10. Pima kwa linki tofauti

Programu nyingi zinakuruhusu kuongeza alama mwishoni mwa linki yako. Weka "ig" kwa Instagram, "barua10" kwa barua ya siku ya 10, na kuendelea. Kila Jumapili andika namba nne: waliojiandikisha, waliobonyeza, walionunua, waliojiondoa. Usihangaike sana na asilimia ya "waliofungua". Simu za Apple hupakia barua zenyewe hata mtu asipoisoma, kwa hiyo namba ile inadanganya.

Ukiwa Kenya, kumbuka Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 imeitaja kamisheni ya aina hii waziwazi, na kodi ya zuio ni asilimia 5 kwa mkaazi. Popote ulipo, weka rekodi tangu shilingi ya kwanza.

MAMBO YAKIGOMA

Watu wanatazama video, hawajiandikishi. Zawadi haihusiani na video, au linki inawapeleka kwenye ukurasa wenye mambo kumi. Jaribu mwenyewe kwa simu ya bei nafuu yenye mtandao wa taratibu. Ukurasa ukichukua muda kufunguka, toa picha kubwa.

Wanajiandikisha, hawathibitishi. Barua ya uthibitisho imeangukia kwenye spamu au ina kichwa cha Kiingereza kilichokuja na huduma. Kibadilishe: "Bonyeza hapa upate ratiba yako ya chanjo." Na ukurasa wa shukrani uwaambie waangalie spamu.

Barua zinaangukia kwenye spamu. Rudi hatua ya 6. Kama rekodi zipo, angalia maneno: "PESA BURE!!!" kwa herufi kubwa inakuponza. Waombe wasomaji wakujibu barua ya kwanza hata kwa neno moja. Majibu yanasaidia kuijulisha Gmail kwamba mnafahamiana. Wasiobonyeza chochote kwa miezi sita waulize kama bado wanataka, wasipojibu wafute. Inauma, lakini wanaushusha uaminifu wa domeini yako.

Wanabonyeza, hawanunui. Pitia safari ya mnunuzi mwenyewe mpaka kwenye malipo. Mara nyingi utakuta ukurasa wa muuzaji unataka kadi ya benki wakati mteja ana M-Pesa au Mixx by Yas tu. Mwandikie muuzaji aongeze malipo ya simu, au tafuta bidhaa nyingine. Kama malipo yako sawa, basi bei au bidhaa ndiyo tatizo: waulize waliobonyeza ni nini kiliwazuia. Watatu wakikujibu, utajua.

Wamenunua, kamisheni haionekani. Kwanza subiri: programu nyingi hushikilia kamisheni mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite. Ukipita bila kitu, nunua bidhaa ya bei ndogo kwa msaada wa rafiki kupitia linki yako, kwa sababu kujinunulia mwenyewe mara nyingi kunakatazwa, uone kama inahesabiwa. Isipohesabiwa, tuma picha za skrini kwa programu pamoja na tarehe na saa. Kwa muuzaji wa kodi ya punguzo, omba orodha ya mauzo yaliyotumia kodi yako, uilinganishe na wateja waliokuambia wamenunua. Akikwepa mara mbili, iondoe linki yake kwenye mfululizo siku hiyo hiyo.

Watu wanajiondoa baada ya kila barua ya kuuza. Wachache ni kawaida. Wakiwa wengi, hesabu barua zako za mwezi uliopita: ngapi zilimsaidia mfugaji asiyenunua kitu?